Mikono Iliyokuwa Mbali

Kendu Bay,
9 Februari 2025

Kwako wifi Phelesia,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwako. Sisi tu wazima. Mama yako ni mzima, na mguu wake umepungua kuvimba. Ndugu yako Joash bado yuko Macalder kwenye mashimo ya dhahabu. Alikuja Jumapili na samaki, akakaa kidogo na mama yake, akarudi. Sheila wangu yuko Migori na mumewe, na ana habari nitakayokupa huko chini. Natumaini nawe u mzima huko Afrika Kusini.

Utashangaa kuletewa barua wakati unapiga simu kila Jumatatu. Wifi, ile simu si yangu. Ukipiga, mama anaikamata kwa mikono miwili, majirani wanaingia, kila mtu anapaza sauti kwa Kijaluo. Ikifika kwangu unaniuliza, "Mellen, uko sawa?" nami nasema niko sawa. Nitasema nini kingine mbele ya watu wote hao? Kwa hiyo naandika. Kultum mwenye duka la kupiga chapa karibu na msikiti ataipiga picha akutumie, na ukijibu atanitolea kwenye karatasi. Amesema hasomi barua za watu. Namwamini, ana wateja wengi mno.

Uliponiomba niache hoteli yangu ya chai kule Macalder nije kukaa na mama, ulisema ni mwaka mmoja tu, kanisa lako likikuachia unarudi. Nilikubali kwa sababu ni wewe. Lakini unamjua mama yako. Tangu Joash anilete nyumbani kwenu, mimi msichana wa Kikuria, hajawahi kula chakula nilichopika. Miaka yote hiyo nilikuwa nikija, nakuta wewe ndiye unayepakua, naye anakula. Sasa hupo. Wiki ya kwanza alikula ndizi tupu, kwa sababu ndizi ina ganda na mkono wangu haujaigusa. Niliajiri mama wa jirani amsaidie kuoga, akamfukuza kwa fimbo. Kijaluo changu ni cha sokoni tu. Ananiambia maneno marefu, mimi naokota moja hapa, moja pale.

Habari ya Sheila ni njema. Ana mimba, ya kwanza. Atajifungua Agosti.

Watu wananiuliza unafanya kazi gani huko. Nasema anahubiri. Wanasema, muuguzi mstaafu, mama mzima aliyezalisha nusu ya watoto wa Homa Bay, sasa anahubiri kwa nani? Niambie nijue la kuwajibu.

Ni mimi wifi yako,
Mellen


Durban,
2 Machi 2025

Mpendwa wifi Mellen,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Asante kwa kunitunzia mama, Mungu akulipe. Nawasalimu wote, na Sheila umwambie shangazi amefurahi sana. Mwambie anywe maji, apunguze chumvi, asikose kliniki hata siku moja.

Mimi ni mzima, ila magoti. Hapa ni mji wa vilima na majengo ya ngazi, na watu tunaowatembelea wote wanaishi juu. Lifti zilikufa zamani. Joto la huku lina maji ndani yake. Ukivaa gauni asubuhi, saa nne unaweza kulikamua.

Unauliza kazi yangu. Kanisa letu la Wamormoni huwatuma vijana kwa jozi, umewaona hata Kisumu, mashati meupe na beji kifuani. Sisi wazee nasi hutumwa, wajane na wastaafu. Mimi nimetumwa kwa ajili ya Kiswahili. Kuna Wakongo wengi hapa, waliokimbia vita, na vijana wa Kizungu hawawezi kuongea nao. Mwenzangu ni Sista Leota, mjane kutoka Samoa, kisiwa kilicho mbali sana, mkubwa wa mwili, mpole. Kiingereza chake na changu vinakutana nusu njia. Sheria ni kwamba hatuachani, hata sokoni. Usiku anakoroma, asubuhi ananichemshia maji ya kukanda magoti.

Tunapanda ngazi, tunabisha, tunasema sisi ni nani. Wengi hawafungui. Wengine wanafungua wakidhani tumeleta chakula. Mama mmoja wa Bukavu aliniuliza, "Mama, huyu Mungu wako iko na makaratasi?" Alimaanisha vibali vya kuishi. Chini ya jengo lao kuna duka la Msomali, Mohammad, aliyekulia Garissa. Ananiita mama wa Kenya, ananipa kiti nipumzike kabla ya ngazi, na kila siku ananiambia kwa heshima kwamba nimepotea dini. Jirani yao ni mama wa Kizulu, MaDlamini, asiyependa wageni na asiyeacha kuwapikia.

Kuhusu mama, usibishane naye. Ongeza ndimu kwenye uji, na mchuzi usiwe na mafuta mengi. Atazoea.

Wako,
Phelesia


Kendu Bay,
20 Aprili 2025

Kwa wifi Phelesia,

Salamu. Mvua imeshika, barabara ya kwenda sokoni ni matope matupu. Mama ni mzima. Joash anakohoa, vumbi la mawe hilo, lakini hataki kuambiwa. Sheila tumbo limeanza kuonekana.

Uji wa ndimu alimwaga. Niliacha kutia ndimu, akanywa. Sikuandikii hivyo ili kukukosoa, nataka tu ujue kwamba amekunywa uji kutoka mkononi mwangu. Alinitazama muda wote kama mtu anayekunywa dawa.

Watu wa kanisa lako walikuja kutoka Kisumu, wanaume wawili na mama mmoja, wasafi, wapole. Waliimba wimbo, wakaomba, wakaacha mchele, wakaenda. Nilimwogesha mama baada ya wao kuondoka. Unajua ninavyofanya? Namwinua kwa kwapa, namkalisha kwenye kiti cha plastiki, naosha mgongo kwanza kwa sababu mbele hataki nimwone. Ananitukana kwa sauti ndogo mwanzo mpaka mwisho. Nikimaliza ananyosha mkono nimpake mafuta.

Sasa sikiliza. Sheila atajifungua mwezi wa nane, na mume wake Nchagwa anafanya biashara ya ng'ombe, wiki nzima yuko minada ya upande wa Tanzania. Nataka kuwa Migori kabla ya siku yake. Joash hawezi kumwogesha mama yake, wewe unajua mtoto wa kiume hafanyi hivyo. Mama wa kuajiriwa hakai. Wa kukaa na mama ni wewe au mimi.

Nilimwambia Joash akuombe urudi Agosti. Alisema, "Amejitoa kwa Mungu, mwache." Amekasirika bado kwa vile uliondoka bila baraka yake, na hasira yake ndiyo hiyo, kusema mwache. Kwa hiyo nakuomba mimi. Hata ukirudi mwezi mmoja mapema kuliko nilivyosema, sitalalamika.

Mellen


Durban,
1 Juni 2025

Mpendwa wifi Mellen,

Nisamehe kwa kukawia. Salamu kwa mama, kwa Joash, na kwa Sheila. Mwambie Joash afunge kitambaa puani anapovunja mawe. Najua hatafanya, lakini mwambie. Hapa baridi imeingia. Nilikuwa sijui Durban ina baridi.

Wiki hizi zimekuwa nzito. Kuna msichana wa Bukavu anaitwa Nabintu, mwenye mimba kama ya Sheila wetu. Mwanamume aliyekuja naye alikwenda Johannesburg kutafuta kazi, simu yake haishiki tena. Tulimkuta kwa bahati katika jengo lile lenye duka la Mohammad, tukimtafuta mtu mwingine. Hakutaka kusikia habari ya kanisa. Aliniambia, "Mama, maombi niko nayo mingi. Nipe tu mutu wa kukaa na mimi." Basi tunakaa. Sista Leota anakunja nguo, mimi nampima mimba kwa macho tu, kwa sababu sheria ya misheni hairuhusu nifanye uuguzi. Hapa mimi si muuguzi, ni mmisionari. Nimeahidi.

Kliniki iko karibu, lakini siku hizi kuna watu wa mtaani wanaosimama langoni wakidai vitambulisho, na mgeni anarudishwa kabla hajamwona muuguzi. Wauguzi wenyewe hawajui ni nani amerudishwa. Nabintu ameenda, amerudishwa. Tulienda naye, wakaniita kwerekwere, yaani mgeni asiyetakiwa, na mmoja akanivuta beji. Nilirudi nyumbani nikalala bila kula. Wifi, nimechoka na binadamu. Nabisha mlango wa mtu ambaye hanitaki, nikitoka nje nakutana na mwingine ambaye hanitaki.

Kuhusu Agosti, nimeliombea sana. Rais wa misheni, ndiye mkubwa wetu hapa, ameniomba niongeze miezi sita baada ya mwaka wangu kwisha, kwa kuwa hana mwingine mwenye Kiswahili na umri wa kusikilizwa na akina mama hawa. Nimekubali. Naamini Mungu atafungua njia kwa Sheila. Jaribu tena kutafuta mama wa kukaa hapo hata wiki mbili. Mama akiona ana njaa atakula.

Wako akupendaye,
Phelesia


Kendu Bay,
15 Juni 2025

Wifi,

Barua nimeipata. Mama ni mzima.

Mellen


Durban,
24 Agosti 2025

Mpendwa wifi Mellen,

Salamu nyingi. Najua barua huku hufika siku ile ile inapotumwa, kwa hiyo kimya chako si cha posta. Sikulaumu. Jumatatu niliuliza habari za Sheila ukaniambia bado. Mimba ya kwanza hupenda kuchelewa, msiwe na hofu.

Nina jambo la kukusimulia, na huku hakuna wa kumwambia akanielewa kama wewe.

Jumanne tulipanda kwa Nabintu na viazi. Kabla hatujafika ghorofa yake nilisikia sauti, na mimi sauti ile naijua hata nikiwa usingizini. Nikasahau magoti. Tulimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameuma shuka. Alikuwa ameenda kliniki alfajiri, wakamrudisha langoni. Alitembea njia yote akiwa na uchungu.

Akasema, "Mama, mutoto anakuya."

Sista Leota alipiga simu ya ambulensi. Wakasema inakuja. Nikamwambia, "Endelea kupiga." Kisha nikasimama katikati ya chumba na beji yangu kifuani, nikafikiria ahadi niliyoweka. Sikufikiria sana. Nikaitoa beji, nikaiweka dirishani, nikanawa mikono kwa sabuni ya vyombo.

MaDlamini aliingia bila kubisha, akaona, akatoka, akarudi na taulo zake zote na birika la maji moto. Aliteremka kwa Mohammad akaniletea glavu na wembe mpya, na Mohammad mwenyewe akasimama nje ya mlango, ameupa mgongo, akisoma dua kwa sauti. Sista Leota alikaa nyuma ya Nabintu akamshika kama mtu anayeshika gunia, akaanza kuimba kwa Kisamoa. Mimi nasema kwa Kiswahili, MaDlamini anasema kwa Kizulu, na msichana yule anatusikia sote.

"Usisukume. Pumua kwanza. Nikikwambia ndipo usukume."

"Mama, niko nakufa."

"Hufi. Nimewazalisha wengi waliosema hivyo, nao leo wanagombana na waume zao sokoni."

Akacheka, wifi. Katikati ya uchungu akacheka, na mtoto akatoka kwa kile kicheko. Wa kike. Alikuwa na kamba ya kitovu shingoni, nikailegeza kwa kidole, nikampangusa, nikamgeuza, akalia. Ambulensi ilifika tukiwa tumeshamfunika.

Kesho yake rais wa misheni aliniita. Ni Mmarekani wa makamo, mtu wa taratibu. Alisema, "Sista, ungeweza kushtakiwa. Kanisa lingeweza kufukuzwa." Nikasema najua. Akasema, "Ukiruhusiwa kubaki, hutarudia?" Nikamwambia siwezi kuahidi. Kisha akauliza kama mtoto alikuwa na afya njema. Sijui atakavyoamua.

Nimechoka, lakini uchovu huu ni mwingine. Tangu nije huku sijaweza kumfanyia mtu lolote mpaka siku ile. Nilipompa Nabintu mtoto wake nilimfikiria Sheila, nikaomba awe na mikono mizuri ya kumpokea wake.

Niandikie.

Phelesia


Kendu Bay,
30 Septemba 2025

Kwa Phelesia,

Mama ni mzima. Joash ni mzima.

Sheila alijifungua Jumanne ile ile unayoisimulia. Mtoto wa kiume. Hakulia.

Kila Jumatatu umekuwa ukiuliza nami nikisema bado, kisha nikasema wako salama, kwa sababu Joash alisema usiambiwe mbele ya mama, presha yake isipande. Mimi pia sikutaka kukuambia. Nilipokea barua yako ya yule mtoto wa Durban siku tuliyotoka kumzika wetu. Kultum alinipa bahasha akasema, "Ni ndefu leo, dada, wifi yako anaendelea vizuri." Niliisoma nimesimama dukani kwake. Kisha nikakaa kwenye ngazi yake mpaka akafunga duka, akanisindikiza nyumbani bila kuniuliza kitu.

Nitakuambia ilivyokuwa, kwa sababu wewe ni mkunga na utataka kujua. Maji ya uzazi yalimvunjika Jumapili asubuhi. Hakuwa na uchungu. Nchagwa alikuwa Tanzania mnadani, simu haina mtandao. Sheila alijua mtoto huja na uchungu, basi akangoja uchungu. Alifua nguo. Alinipigia jioni akasema, "Mama, niko sawa, nimelowa tu kidogo," na simu alikuwa nayo mama yako, na watu walikuwa wamejaa, na nilimsikia nusu. Nusu, wifi. Nikamwambia lala, pumzika. Jumatatu usiku akaanza kutetemeka kwa homa. Jirani alimpeleka hospitali, na wale watu walifanya kila kitu, sina neno juu yao. Daktari alisema mtoto alichoka kungoja.

Mtu mzima yeyote angekuwa pale nyumbani angemwambia maji yakivunjika hakuna kungoja. Wewe ungemwambia. Hata mimi ningemwambia. Lakini mimi nilikuwa hapa namwogesha mama yako, na wewe ulikuwa juu ya ngazi za watu.

Nilikwenda Migori kwa maziko. Mama alibaki na jirani, akakataa kula mpaka niliporudi, kwa hiyo nilirudi upesi. Nilimwacha binti yangu kitandani na maziwa yakimtoka, nikarudi kumpikia uji mwanamke asiyenipenda. Nilifanya hivyo, wifi, na bado sijui kwa nini.

Nataka kusema neno moja ambalo nimelikalia tangu Februari. Watu wanasema uliitwa na Mungu. Labda. Lakini mimi nimeoga na kulala katika nyumba hii, nimemsikia mama yako mchana na usiku, na nimeelewa kwa nini mtu angepanda ndege. Umeenda kuwahudumia watu ambao ukichoka nao unaweza kuwaaga.

Usinijibu upesi.

Mellen


Durban,
12 Novemba 2025

Wifi yangu Mellen,

Nimefanya ulivyoniambia, sikujibu upesi. Simu za Jumatatu nimeongea na mama tu, na wewe hukuja kwenye simu. Niliona ni haki.

Sina maneno ya kumpa Sheila. Niliandika barua yake nikaichana, kisha nyingine. Nilimsifia mtoto wa watu kwako na wako akiwa ardhini. Nikifikiria wewe kwenye ngazi za Kultum, nashindwa kumaliza chakula.

Ulichoandika mwishoni kuhusu mimi na mama, sitakijibu.

Rais wa misheni alikuwa ameamua nibaki. Nilimwambia sitaki tena ile miezi sita, nataka kupumzishwa. Ndivyo tunavyosema, kupumzishwa. Aliuliza kama ni kwa sababu ya karipio lake. Nikamwambia hapana, nyumbani kuna mtu amefanya kazi yangu na yake. Aliandika kitu, akasema nitaondoka kabla ya Krismasi.

Nilimwambia Nabintu. Hakulia. Ameshaachwa na watu wengi. Aliniuliza, "Utaniachia nani?" Nikamwonyesha MaDlamini, aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni akifoka kwamba wageni wamejaa jengoni. Nabintu hajabatizwa, wala sidhani atabatizwa. Katika mwaka wote huu nimemwongoza mtu mmoja tu majini, mzee wa Uvira, naye amehamia Cape Town. Sista Leota atapewa mwenzi mwingine. Ananikanda magoti kila usiku sasa bila kuombwa.

Nakuja. Ukitaka kuondoka Kendu Bay kabla sijafika, ondoka, nimemwambia Joash aje akae hapo na afanye atakaloweza. Usiningoje.

Phelesia


Kendu Bay,
18 Januari 2026

Mpendwa wifi,

Natumaini barua hii imekukuta salama huko Migori, na kwamba Sheila anapata nguvu. Joash amerudi Macalder. Nashukuru uliningoja siku ile, ingawa tulipishana tu mlangoni, begi lako likiwa tayari. Uliniambia, "Dawa za mama ziko kabatini," ukatoka. Nilitaka kukushika mkono, nikaona begi liko upande huo.

Nimekaa nikijiambia sitakusumbua. Sasa naandika.

Mama hali chakula. Ni mama yangu, ni lugha yetu, ni uji niliompikia maisha yote. Anaushika, anauweka chini. Nikitaka kumwogesha ananiambia mikono yangu ina haraka. Jana nilimwinua vibaya akaanguka kitandani, akapiga kelele mpaka jirani akaja. Ananiita mgeni. Nilidhani amechanganyikiwa, nikamwambia, "Mama, ni mimi Phelesia." Akasema, "Nakujua. Ulikwenda." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida, "Nyar Kuria yuko wapi?"

Anauliza kila asubuhi, binti wa Kikuria yuko wapi. Leo nilimjibu kwa ukali, naye akaanza kuongea. Aliongea mambo ya zamani, ya baba, ya mimi nilipokuwa msichana, mambo ambayo mtu hapaswi kumwambia mwanawe. Nilitoka nje nikasimama barabarani.

Siwezi kukuomba urudi, sina uso huo. Nakuuliza tu, ulifanyaje?

Phelesia


Migori,
1 Februari 2026

Kwa wifi Phelesia,

Salamu kutoka kwa Sheila. Anaendelea vizuri kiasi, ameanza tena kushona nguo za watu, asubuhi tu. Nchagwa amepunguza minada. Yuko nyumbani siku nyingi, anakata kuni nyingi kuliko tunazohitaji.

Mimi nalala. Tangu nije hapa nalala mchana kama mtoto mchanga. Hoteli yangu ya Macalder ameichukua mtu mwingine, nami sijakasirika, sina nguvu hiyo.

Umeniuliza nilifanyaje. Sikufanya lolote. Uji uache upoe kabisa, hapendi mvuke usoni. Kaa upande wake wa kushoto, sikio la kulia limekufa, nyinyi nyote mmekuwa mkimpigia kelele kwenye sikio lililokufa. Mgongo kwanza. Usimwombee kwa sauti, anadhani anakufa.

Na yale maneno anayosema, mimi sikuyaelewa. Aliyasema yote kwangu, jioni baada ya jioni, na mimi nilikuwa nachambua dagaa wa omena nikiitikia "mmh". Akinyamaza, mimi nami namwambia yangu kwa Kikuria, habari za mama yangu, za Joash ujanani, za mtoto wa Sheila. Hayo ya mtoto nilimwambia yeye peke yake. Hakuelewa hata neno. Siku ile alinishika hapa, kwenye kiwiko, akakaa hivyo mpaka giza likaingia. Ndiyo hayo tu. Wewe unamwelewa kila neno na unamjibu, na sijui utafanyaje na hilo.

Sirudi Kendu Bay sasa. Nimekaa na jambo hili nikaona sirudi, na sitaki uniombe tena.

Lakini Sheila ana swali. Analiuliza akiwa anashona, bila kuinua macho. Anataka kujua kama itatokea tena, kama kuna kitu mwilini mwake, kama angekwenda Jumapili ile mtoto angelia. Mimi namwambia mwachie Mungu, naye anakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Hanitaki mimi kwa swali hilo. Nilimuuliza kama anataka nikuandikie, akasema, "Shangazi aje, lakini asiniambie uongo."

Basi njoo. Joash akodi gari la mtu, mlaze mama kiti cha nyuma, mtoke mapema kabla ya jua kali. Akikutukana njiani mwache. Vitanda hapa ni viwili na sisi ni wanawake wanne, tutalala kwa zamu. Mama nitamwogesha mimi akifika, wewe kaa na Sheila.

Mellen